Usiku 180 wa Chisense: Kipi Kinalipa Mweru na Kipi Kinalila Ziwa

Mvuvi wa chisense wa Nchelenge hana mwaka mzima. Kuanzia Desemba mosi hadi siku ya mwisho ya Februari, Zambia hufunga uvuvi katika maji yake mengi, Ziwa Mweru likiwamo, ili samaki wapate kuzaa. Zinabaki siku 275. Katika hizo, ondoa siku za mbalamwezi, maana chisense, dagaa wa Mweru, hufuata taa, na mwezi ukiwa mpevu taa haina kazi. Kila mwezi giza la kuvulia ni kama siku 20. Miezi tisa mara siku 20 ni usiku 180, kabla hujaondoa dhoruba na homa. Taa, wavu, chanja na magunia, vyote lazima vijilipe ndani ya usiku huo.

Kwa hiyo swali la mnunuzi anayesimama mbele ya duka la Kashikishi, jirani na Nchelenge, halipaswi kuwa "Hii bei gani?" peke yake. Aulize mawili mengine. Kitu hiki kitanigharimu kiasi gani kwa kila usiku wa kazi? Na je, kinaniongezea fedha bila kutoa samaki zaidi ziwani, au kinaniongezea fedha kwa sababu tu kinakomba zaidi? Swali la pili ndilo linalotenganisha mali na mkopo. Anayepata zaidi kwa kukomba zaidi amekopa kwa ziwa, na ziwa halisamehe deni.

Tunalinganisha hapa vitu ambavyo watu wa mwambao wa Mweru hununua kila msimu. Bei za kwacha tumeziacha kwa makusudi. Bodi ya nishati ya Zambia hupitia bei za mafuta kila mwezi, na bei ya Machi haimsaidii msomaji wa Agosti. Badala yake tumehesabu kwa lita, kwa kilo na kwa usiku. Weka bei ya kwenu, ugawe, upate jibu lako.

Ziwa lenyewe

Mweru lina ukubwa wa kilomita za mraba 5,100 na ushei, karibu Unguja tatu zikiwekwa pamoja. Upande wa mashariki ni Zambia, mkoa wa Luapula, ambako miji ya Nchelenge na Kashikishi imeungana hata mgeni hajui anatoka upi anaingia upi. Ng'ambo ni Kongo, ambako Kiswahili cha Katanga ndicho cha sokoni. Ziwa ni moja, dola ni mbili.

Wazee wa hapa wana kumbukumbu ya samaki aitwaye mpumbu. Aliwahi kuwa nguzo ya biashara nzima: wafanyabiashara Wagiriki wa Kasenga, upande wa Kongo, walimnunua kwa wingi kulisha wachimba shaba wa Katanga. Mpumbu alikuwa na mazoea ya kupanda mto Luapula kwa makundi wakati wa kutaga, na hapo ndipo alipotegewa nyavu, akiwa na mayai tumboni. Ilipofika miaka ya 1950 biashara yake ilikuwa imekwisha. Mwanahistoria David Gordon ameieleza habari hiyo katika kitabu chake *Nachituti's Gift* cha mwaka 2006. Baada ya mpumbu, mzigo ukamwelemea pale, jamaa ya perege na sato. Pale naye alipopungua, watu wakageukia chisense, dagaa mdogo kama kidole cha mtoto. Chini ya chisense hakuna ngazi nyingine ya kushukia. Ndiyo maana hesabu ya leo ina uzito.

Karabai au taa ya jua

Tuanze na taa, kwa kuwa ndiyo inayomaliza fedha kimya kimya.

Karabai kubwa hunywa kama lita moja ya mafuta ya taa kwa saa nane, yaani lita moja kwa usiku. Mtumbwi wenye karabai tatu hunywa lita tatu. Zidisha kwa usiku 180: lita 540. Hayo ni mapipa mawili ya lita 200 na zaidi ya nusu ya la tatu, yamechomwa yote juu ya maji. Hapo hatujahesabu tambi zinazopukutika kila chombo kikigonga wimbi, vioo vinavyopasuka maji ya baridi yakivirukia, wala mafuta yanayomwagika wakati wa kujaza gizani.

Taa ya LED ya wati 8 ikiwaka saa nane hula wati-saa 64. Taa tatu ni 192. Kwa betri ya volti 12 hizo ni ampea-saa 16. Wengi hukosea hapa: hununua betri ya ampea-saa 16 au 20, wakaridhika. Betri ya risasi haipendi kukamuliwa zaidi ya nusu; ukiikamua yote kila usiku inakufa kabla msimu haujaisha. Nunua ya ampea-saa 35 hadi 40. Paneli ya sola ya kuirudishia nguvu hiyo kwa jua la saa tano isipungue wati 60.

Je, inalipa? Kanuni ni rahisi. Chukua bei ya seti yote, yaani taa tatu, betri na paneli, uigawe kwa bei ya lita moja ya mafuta ya taa siku hiyo hiyo. Jibu likiwa chini ya 540, seti imejilipa ndani ya msimu wa kwanza. Chukulia mfano seti ina thamani ya lita 200: itajilipa kwa usiku 67, giza tatu na kitu. Ikiwa ni lita 350, usiku 117, kama miezi sita. Msimu wa pili unalipia taratibu betri ijayo tu. Hesabu betri mpya kila msimu wa pili. Ikidumu zaidi, hiyo ni bahati yako na matunzo yako.

Asiye na mtaji wa seti nzima anaweza kukodi betri iliyochajiwa, palipo na huduma hiyo. Kodi ya usiku mmoja ikiwa chini ya bei ya lita tatu, bado umepata. Ikizidi, bora ubaki na karabai huku ukiweka akiba ya seti.

Taa ya LED ina kasoro mbili ambazo muuzaji hatakuambia. Ya kwanza ni risasi na tindikali. Betri iliyokufa ikitupwa ufukweni hudhuru mchanga na maji. Usiitupe. Betri kuukuu ina bei kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Muulize muuzaji kabla hujalipa kama atakupunguzia ukimrudishia ya zamani. Zile kurunzi za bei ya chini zinazotumia betri kavu za kutupa ziepuke kabisa: kwa usiku 180 zitakula betri nyingi kupita thamani yake, na zote mwisho wake ni mchangani.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi. Mwanga ukiwa rahisi, mtu huongeza mwanga. Aliyekuwa na karabai tatu anajikuta na LED sita, kisha kumi, naye anasema ameokoa mafuta. Hapo ameokoa mafuta na kuongeza kukomba. Faida ya LED kwa ziwa ipo endapo idadi ya taa inabaki ile ile na unachokiokoa kinakwenda mfukoni.

Nyavu: ya bure, ya rahisi na ya kushona

Kuna nyavu za namna tatu zinazoshindania mkono wa mvuvi mwenye fedha kidogo.

Ya kwanza ni chandarua. Kimegawiwa bure, kwa hiyo kwenye karatasi gharama yake ni sifuri. Hebu tuipige upya. Nchelenge ni miongoni mwa wilaya za Zambia zenye malaria nyingi mno. Watafiti wamepiga kambi hapo kwa miaka kwa sababu hiyo hiyo. Chandarua kimoja hukusudiwa watu wawili kwa kama miaka mitatu. Kukipeleka ziwani ni kuwatoa watu wawili chini ya kinga kwa miaka mitatu. Weka hapo bei ya dawa, ya usafiri wa hospitali, na ya siku ambazo mgonjwa na mwuguzaji wake wote hawakufanya kazi. Giza moja la mwezi likipotea kwa homa, ni usiku 20 kati ya 180.

Na ziwani kinafanya nini? Matundu yake ni kama milimita mbili. Karibu hakuna kifaranga cha samaki kinachopenya hapo. Dawa iliyotiwa humo ni ya jamii ya pairethroidi, ambayo ni sumu kali kwa samaki na wadudu wa majini. Sheria inakikataza, na kikikamatwa kinachukuliwa. Cha bure hicho ndicho ghali kuliko vyote tunavyolinganisha.

Ya pili ni wavu wa uzi mmoja wa plastiki, ule unaong'aa kama kamba ya mshipi. Unashawishi: ni wa bei ya chini, samaki hawauoni, na siku ya kwanza hujaza chombo. Zambia inaukataza, na sababu zake si za ofisini. Ukichanika haushoneki vizuri, unatupwa. Ukikatika na kuzama hauozi. Unaendelea kunasa samaki wasio na mwenyewe, miaka na miaka.

Ya tatu ni wavu wa nailoni ya nyuzi zilizosokotwa, wenye macho yanayokubalika kisheria. Bei yake dukani inauma. Lakini huu unashonwa. Fundi mwenye sindano na uzi anaurudisha kazini jioni ile ile. Ulinganishe na ule wa pili hivi: gawanya bei ya kila mmoja kwa miezi utakayoutumia. Chukulia mfano wavu wa plastiki unauzwa nusu ya bei ya ule wa kusokotwa, lakini unadumu miezi mitatu, na wa kusokotwa ukishonwa unadumu misimu miwili, yaani miezi 18. Kwa miezi 18 utanunua wa plastiki mara sita, kwa jumla ya bei tatu za wavu mmoja mzuri. Rahisi huvunja upishi, walisema wahenga. Hapa imevunja na chungu.

Mchanga au chanja

Tumefika mahali ambapo faida ni kubwa na wanunuzi ni wachache kuliko inavyostahili. Kuanika.

Samaki mbichi huwa na maji kama asilimia 75. Kilo 100 za chisense wabichi zina kilo 25 tu za kitu kigumu. Ukizikausha hadi yabaki maji asilimia 15, unapata kama kilo 29. Zile 71 zimekwenda na upepo, na hakuna ujanja hapo. Kwa hiyo fedha yote ya mwanamke anayeanika, na kwenye mialo mingi ya Afrika ni wanawake hasa wanaoanika, imo katika kilo 29 hizo: ngapi zitafika gunia zikiwa safi.

Mchangani, hasara ina milango mingi. Kuku, mbuzi na ndege. Mchanga unaonata samaki akiwa mbichi na usitoke tena. Upande wa chini unaobaki na unyevu na kuvunda. Umande wa usiku. Na mvua.

Mvua ya Luapula inataka aya yake. Ukanda huu wa kaskazini mwa Zambia hupata zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, na mvua hunyesha tangu Novemba hadi Aprili. Uvuvi hufunguliwa Machi mosi. Maana yake, mvuvi anarudi majini akiwa na njaa ya miezi mitatu, samaki wamenona, na mbingu bado haijafunga. Wiki sita za kwanza za msimu ndizo zenye samaki wengi na jua haba. Aliyeanika mchangani huona mzigo ukigeuka matope saa tisa alasiri, akarudisha mtumbwi usiku ule kufidia. Samaki walewale wamevuliwa mara mbili ili wauzwe mara moja. Hasara hiyo haiandikwi popote, lakini ziwa linailipa.

Chanja ni meza ya miti yenye urefu wa kiuno, juu yake wavu au waya. Hewa hupita juu na chini, samaki hukauka upesi na sawasawa, mchanga hauwafikii. Wingu likitokea, unatandaza turubai juu yao na kulifunga pembeni. Mchangani turubai halisaidii, maji huingilia chini.

Jirani zetu wa Burundi wameshaijaribu hesabu hii kwa miaka. Kwenye mwambao wa Tanganyika, kwa msaada wa FAO, waanikaji wa ndagala, dagaa wa huko, waliinuliwa kutoka mchangani hadi kwenye chanja kuanzia mwaka 2004. Kilo ya ndagala wakavu iliyokuwa faranga 4,000 mwaka huo ilifika 9,000 mwaka 2013. Tusidanganyane: miaka tisa ni mingi, na sehemu ya nyongeza hiyo ni kupanda kwa bei ya kila kitu. Hata hivyo samaki wa chanja walipata wanunuzi waliokuwa wakiwakimbia wale wa mchangani, na hilo halina mjadala kwa yeyote aliyewahi kusaga mchanga kwa meno katikati ya mlo.

Hesabu yako iwe kwa kilo. Chukulia mfano chanja nzima, miti, misumari, waya na ujira wa fundi, inakugharimu thamani ya kilo 60 za chisense wakavu. Chukulia tena kwamba kwa kila mzigo wa kilo 29 inakuokolea kilo tatu ambazo mchangani zingevunda au kuliwa. Mizigo 20 imeilipa. Giza moja. Bei bora ya samaki safi hatujaigusa bado.

Tahadhari moja: miti. Chanja mia zikijengwa kwa miti mibichi ya msitu zinaondoa kivuli cha mto kule kule samaki wanakozalia. Tumia miti ya kupandwa, mianzi, au nguzo kuukuu, na juu tandika nyavu chakavu zilizokwisha kazi ziwani. Wavu uliozeeka ukiwa juu ya chanja umepata pensheni; ukiwa majini ni mtego usio na mwenyewe.

Na dawa ya wadudu usiipulize kwenye samaki, hata kama jirani anaipuliza na nzi wake wamekwisha. Chumvi, jua kali na gunia lililofungwa vizuri vinafanya kazi hiyo, na mlaji hatalipia kwa ini lake.

Moshi na barafu

Pale na kambale hawafai kuanikwa kama dagaa. Hao hubanikwa kwa moshi au huuzwa wabichi.

Ukibanika juu ya moto wa wazi, joto kubwa linakwenda angani. Jiko la Chorkor, lililobuniwa kwenye kijiji cha Chorkor karibu na Accra, Ghana, ni sanduku la udongo au matofali lenye trei zinazopangwa moja juu ya nyingine, hivyo moshi mmoja unapita kwa samaki wa trei zote. Kuni ni chache, moshi wa machoni ni mdogo, kazi ni moja. Gharama yake kubwa ni siku za kufyatua na kujenga. Jengeni watu watatu au wanne kwa pamoja, mpeane zamu. Msibanike kwa mkaa: tanuru la kienyeji la udongo hula kilo tano hadi kumi za kuni kutoa kilo moja ya mkaa, na mto unaopoteza miti yake huleta tope ziwani.

Barafu nayo ina hesabu yake. Kumpoza samaki kutoka joto la kawaida la hapa hadi sifuri, theluthi moja ya kilo ya barafu kwa kilo ya samaki inatosha, kama sanduku halivuji joto. Kwa kuwa masanduku yetu huvuja, na kutoka Nchelenge hadi Mansa ni zaidi ya kilomita 200, weka kilo kwa kilo. Nusu ya mzigo wako, basi, ni barafu, na nauli unalipia yote. Halafu kuna umeme. Mwaka 2024 ukame ulipunguza mno maji ya bwawa la umeme la Kariba, na Zambia ikaingia katika mgawo wa umeme ambao uliacha nyumba nyingi gizani sehemu kubwa ya siku. Mwenye mashine ya barafu bila jenereta au sola hakuwa na biashara. Hukumu yetu: barafu kwa pale mkubwa mwenye mnunuzi anayemsubiri, chanja kwa chisense, moshi kwa kilichobaki. Usinunue mashine ya barafu kwa mkopo kabla hujaujua umeme wa mtaani kwako kwa msimu mzima.

Mfuko wa rambo na safari yake

Hapa gharama ni ndogo, lakini safari ni ndefu.

Maji ya Mweru hutokea kaskazini, Pweto, kwa mto Luvua. Luvua huingia Lualaba kule Ankoro, Lualaba huwa Kongo, na Kongo humwagika Atlantiki. Mfuko uliotupwa kwenye mwalo wa Kashikishi una njia ya maji hadi baharini. Mtu wa Nchelenge, aliye mbali na bahari zote mbili, ana jambo na bahari kama mtu wa Mombasa.

Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea Agosti 2017, Tanzania bara ikafuata Juni mosi 2019. Zambia ilichukua njia nyingine: kanuni zake za mwaka 2018 ziliwabebesha watengenezaji wajibu wa taka zao na kukataza mifuko myembamba chini ya maikroni 30. Mnene unaruhusiwa, kwa fikra kwamba utatumika tena.

Basi utumie tena. Anayekwenda sokoni mara tatu kwa wiki na kurudi na mifuko miwili kila mara, kwa mwaka amechukua mifuko 312. Kikapu kimoja kinamaliza mwaka huo na unaofuata. Kwa mfanyabiashara wa chisense, kiroba kilichofumwa ndicho bora kwa safari: kinapumua, hubeba kilo nyingi, hurudi tupu kwa basi lile lile. Mfuko wa plastiki uliozibwa juu ya samaki ambaye hajakauka sawasawa ni kitalu cha ukungu.

Kwako mnunuzi wa Kasumbalesa, Lubumbashi au Tunduma

Wewe usiye na mtumbwi ndiye mwenye nguvu kuliko unavyodhani, kwa sababu unachokataa kununua hakitavuliwa kesho. Fanya haya manne.

Kwanza, jaribu la glasi. Chukua konzi moja ya chisense, utie katika glasi ya maji, koroga, subiri dakika mbili. Tazama chini. Mchanga utakaouona umeununua kwa bei ya samaki. Tabaka likionekana vizuri, punguza bei au ondoka.

Pili, mizani. Kipimo cha kopo au ndoo hakijui tofauti ya samaki mkavu na samaki mwenye unyevu na changarawe. Mizani huondoa ujanja wa kopo, ingawa maji na changarawe navyo vina uzito. Kisha pima tena kwa mkono: chisense mkavu huvunjika kwa mlio, mwenye maji hujikunja.

Tatu, ukubwa. Gunia lenye vifaranga vya pale vilivyochanganyika na dagaa limetoka kwenye chandarua au kokoro. Hao ndio samaki wa kilo wa mwaka kesho, wanauzwa kwa bei ya mchicha. Waache.

Nne, kalenda. Kuanzia Desemba hadi Februari, samaki mbichi anayedaiwa kuwa wa Mweru ana maswali ya kujibu. Nunua pale wa mabwawa ya kufugwa, au chisense wakavu waliowekwa akiba kabla ya Desemba. Ndiyo, bei itapanda. Usiilaumu marufuku, hiyo bei ndiyo kodi ndogo ya kupata samaki Machi. Watu wa Kigoma walikutana na jambo kama hilo Tanzania ilipolifunga Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 mwaka 2024.

Hukumu: fedha ikitosha kitu kimoja tu

Kama una mtaji wa kitu kimoja msimu huu, usianze na taa. Anza na chanja na turubai lake. Hiki kinaongeza fedha pasipo kuongeza samaki hata mmoja anayetolewa majini, na hujilipa kwa giza moja au mawili.

Cha pili ni wavu wa kusokotwa na sindano ya kuushonea. Cha tatu ni seti ya LED, kwa sharti la kutoongeza idadi ya taa na kurudisha betri iliyokufa. Cha nne ni jiko la Chorkor la kushirikiana. Kikapu na viroba havingoji zamu, gharama yake ni ndogo. Barafu ije mwisho, na kwa mwenye mnunuzi mkononi.

Chandarua hakimo katika orodha. Mahali pake ni juu ya kitanda.

Uvuvi hufunguliwa Machi mosi, na mvua huendelea hadi Aprili. Anayetaka chanja aijenge Februari, wakati mtumbwi umelala.